Mwandiko wa mke wa mwalimu

Jumamosi moja kabla ya Kwaresima tulikuwa tunasafisha kabati la kwaya. Mchwa walikuwa wameingilia kwa nyuma, kwa hiyo tulitoa kila kitu tukakitandaza juani: majoho yaliyochakaa, tamburini iliyopasuka ngozi, na kaunta buku kumi na nne zilizojaa noti za solfa. Nikafungua moja. Sauti nne zimepangwa kwa wino wa bluu, nukta na vistari vimenyooka kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hakuna mahali mkono ulipochoka. Juu ya kabati imetundikwa picha ya marehemu mwalimu wetu wa kwaya. Nikaitazama, nikasema, "Jamani, Mwalimu alijaliwa mwandiko."

Mama mmoja wa sauti ya pili, mkubwa kuliko sote pale, alikuwa anapangusa rafu.

"Huo si wa Mwalimu. Ni wa Mama Mwalimu. Mwalimu alikuwa anatufundisha, Mama anaandika. Usiku, watoto wakishalala."

Akaendelea kupangusa.

Nimeimba kutoka kwenye daftari hizo tangu nikiwa darasa la sita. Nilishazijua hata kurasa zenye doa la chai. Sikuwahi kuuliza nani aliandika, kwa sababu nilidhani najua.

Wiki tano sasa maneno yale hayajaniacha. Kila nikiyakumbuka, namkumbuka mwanamke mwingine, Mjerumani, aliyefariki mwaka 1760 katika mji wa Leipzig. Leipzig si jina geni huku kwetu. Wamisionari wa Misioni ya Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na sehemu kubwa ya tenzi tunazoimba Kilimanjaro zilishuka kutoka mkononi mwao. Lakini mwanamke ninayemsema alikwishalala kaburini zaidi ya miaka 130 kabla hawajapanda meli.

Anaitwa Anna Magdalena Bach.

Miandiko miwili

Kila anayejifunza selo, ile fidla kubwa inayoshikwa kati ya magoti, popote alipo, siku moja atakutana na tungo sita za Johann Sebastian Bach za selo peke yake, bila kinanda wala mwenzake wa kumsindikiza. Bach alizitunga mnamo 1720, akiwa mtumishi wa mtawala wa Köthen. Nakala aliyoiandika yeye mwenyewe imepotea. Nakala ambayo wapigaji na wachapaji wameitegemea kuliko nyingine zote, iliyopo leo katika maktaba kuu ya Berlin, imeandikwa na Anna Magdalena, mke wake wa pili.

Mwandiko wake ulifanana sana na wa mumewe. Kwa miaka mingi wataalamu waliuchanganya, na karatasi zilizotoka mkononi mwa mke zikahesabiwa kuwa za mume.

Nilipoziona picha za kurasa zile nilizikuza kwenye simu hadi nikaona wino ulipojaa na ulipokauka. Vichwa vya noti ni vya mviringo, vimeinama kidogo kulia. Mikia inapanda kwa haraka. Juu yake kuna vistari vilivyopinda, vile vinavyomwambia mpigaji ni noti zipi aziunge kwa mvuto mmoja wa upinde. Hapo ndipo penye utata, kwa sababu hajaviweka sawasawa. Mara kinaanzia noti ya pili, mara katikati ya ya kwanza na ya pili, na kipande kile kile kikirudi, kistari kimehama. Wapigaji wamebishana juu ya vistari hivyo kizazi baada ya kizazi. Na kwa kuwa alinakili pia tungo za fidla peke yake, ambazo nakala ya Bach mwenyewe ya mwaka 1720 bado ipo, watu huziweka nakala hizo mbili kando kwa kando wapime uaminifu wake. Noti, anazifuata vizuri. Vistari, anavitupa kwa haraka.

Mimi ninayejua kunakili kwa mkono, haraka ile naielewa. Noti huwezi kuikosea, mwimbaji ataanguka. Kistari unakiweka huku unasikiliza kama mtoto ameamka.

Katika miaka ya karibuni alitokea mtafiti aliyedai kwamba Anna Magdalena ndiye aliyezitunga tungo hizo za selo. Wataalamu wengi wamekataa, na hoja zao zinaniridhisha. Ila nimejiuliza kwa nini habari hiyo ilisambaa haraka namna ile. Nadhani ni kwa sababu kazi ya kunakili tunaiona ndogo mno, hivyo tukitaka kumheshimu mwanamke yule inabidi kwanza tumtafutie kazi nyingine.

Mlango wa mwaka 1720

Ukoo wa Bach ulikuwa ukoo wa muziki kama vile koo nyingine zilivyo za wahunzi. Sebastian alizaliwa Eisenach mwaka 1685. Mama akafariki 1694, baba akaoa tena, na baada ya miezi michache tu baba naye akafariki, mtoto hajatimiza miaka 10. Kaka yake mkubwa, mpiga kinanda wa Ohrdruf, akamchukua.

Huko ndiko kilikotoka kisa kinachojulikana na wengi. Kaka alikuwa na kitabu cha tungo za mabingwa, amekifungia kwenye kabati lenye mlango wa nondo za kusukwa. Mtoto alikuwa akipenyeza mkono, anakikunja kitabu, anakivuta nje, na kwa kuwa hakuwa na taa alikinakili kwa mwanga wa mbalamwezi. Ilimchukua miezi sita. Kaka alipogundua, akamnyang'anya nakala.

Kwa hiyo kunakili kwao hakukuwa kazi ya karani. Ndiyo iliyokuwa shule. Muziki ulipita kichwani kwa kupitia mkononi.

Sebastian alimwoa Maria Barbara, binamu yake wa mbali, mwaka 1707. Walizaa saba, wakabaki wanne. Mwaka 1720 mtawala wa Köthen alikwenda kwenye maji ya moto ya Karlsbad akamchukua Bach. Bach alimwacha mke wake mzima wa afya. Aliporudi, akaingia mlangoni pake, ndipo akaambiwa kwamba Maria Barbara aliugua, amekufa na amekwishazikwa. Kitabu cha kanisa kinaonyesha mazishi yalikuwa tarehe 7 Julai.

Nimejaribu mara nyingi kumfikiria akiwa amesimama pale mlangoni, mizigo bado haijashushwa. Watoto wanne wamemzunguka. Huko alikotoka alikuwa anapiga muziki wa kuwaburudisha wakubwa.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 3 Desemba 1721, alimwoa Anna Magdalena Wilcke. Bibi harusi alikuwa na miaka 20. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta wa ikulu, na yeye mwenyewe alikuwa ameajiriwa hapo hapo Köthen kama mwimbaji wa sauti ya kwanza, na mshahara wake. Alipoingia katika nyumba ile, binti mkubwa wa marehemu, Catharina Dorothea, alikuwa anakaribia miaka 13. Mama wa kambo na bintiye walipishana miaka saba tu.

Mwaka 1723 wakahamia Leipzig, ambako Bach alipata kazi ya kufundisha muziki katika shule ya Mtakatifu Thomas na kusimamia uimbaji wa makanisa ya mji. Huko wanawake hawakuruhusiwa kuimba kanisani. Sauti za juu ziliimbwa na wavulana wa shule. Anna Magdalena, mwimbaji wa ikulu, alikaa ibadani akasikiliza wavulana. Mara chache alirudi Köthen na mumewe kuimba. Zaidi ya hapo sauti yake ilibaki nyumbani.

Mkono wake ndio uliotoka.

Daftari la kijani

Kuna daftari mbili za Anna Magdalena zilizobaki, ya 1722 na ya 1725. Ile ya 1722 imenyofolewa, kurasa nyingi hazipo. Ya 1725 ilikuwa ya fahari, jalada la kijani, herufi za kwanza za jina lake na mwaka vimepigwa kwa dhahabu. Zawadi ya mume kwa mke.

Ukiifungua unaingia jikoni kwao. Mwanzoni kuna tungo nzito za Bach. Kisha mwandiko unageuka kuwa wa Anna Magdalena: vipande vya kucheza, nyimbo ndogo, tenzi. Kile kipande maarufu ambacho watoto wengi wanaojifunza piano hufundishwa kuwa ni cha Bach, ile minueti ya G, kimo humo. Kilitungwa na Christian Petzold, mpiga kinanda wa Dresden. Anna Magdalena alikipenda tu, akakinakili. Kuna wimbo wa mvutaji kiko anayetafakari kwamba naye ni udongo kama kiko chake. Kuna mazoezi ya watoto, mwandiko wa kitoto unaopinda. Na katika kurasa zilizoachwa wazi, mwandiko wa Anna Magdalena tena, ameandika aria laini sana, ile ambayo Bach aliifanya baadaye kuwa msingi wa tungo zake 30 zinazoitwa za Goldberg.

Emanuel, mwana wa Bach kwa mke wa kwanza, alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba nyumba yao ilikuwa kama kibanda cha njiwa, na purukushani zile zile. Wanafunzi wanaingia, wageni wanatoka, binamu wanalala humo. Mmoja wa binamu hao, Johann Elias, alikaa nao kuanzia 1737 kama katibu na mwalimu wa watoto, na barua zake ndizo zinazonipa Anna Magdalena ninayemwona kwa macho. Katika moja anamtafutia ndege mdogo aimbaye vizuri, kwa sababu mama mwenye nyumba anawapenda ndege hao. Katika nyingine anashukuru kwa miche sita ya mikarafuu ya maua iliyoletwa kwake. Anaeleza kwamba Anna Magdalena ameifurahia kuliko watoto wanavyofurahia zawadi za Krismasi, na anaitunza kama watoto wachanga, usije ukanyauka hata mmoja.

Sentensi hiyo ya mwisho niliipita siku ya kwanza. Baadaye nikairudia nikiwa na orodha ya watoto wake mkononi, nikaiweka simu chini.

Miaka minane

Anna Magdalena alizaa watoto 13. Saba walikufa wadogo, na wote saba walikufa kati ya 1726 na 1733.

Wa kwanza wake, binti, alifariki 1726 akiwa na miaka mitatu. Mwaka 1727 kitoto cha siku mbili. Mwaka 1728 mvulana wa miaka mitatu. Mwaka 1730 kichanga cha siku tatu. Mwaka 1732 binti wa mwaka mmoja na miezi. Mwaka 1733 wawili: binti wa miaka minne mwezi wa Aprili, na mwezi wa Novemba mtoto wa kiume aliyekaa duniani siku moja.

Nakala ya tungo za selo, kwa makadirio ya wataalamu, aliiandika kati ya 1727 na 1731, kwa ajili ya mwanamuziki mmoja wa Braunschweig.

Ziweke tarehe hizo pamoja. Mkono ule unaoandika noti za mviringo, mikia inapanda kwa haraka, katikati ya kurasa zile umeshika majeneza matatu. Nilikuwa nimekaa siku kadhaa nikifikiria vistari visivyo sawa, nani amekosea na nani anabishana na nani. Baada ya kupanga tarehe zile sikuweza tena kuviona kama makosa.

Msiwaze kwamba watu wa zamani walizoea. Hakuna anayezoea. Mikarafuu sita ile ya maua, "kama watoto wachanga, usije ukanyauka hata mmoja", ilikuja miaka michache baada ya msiba wa saba.

Na bado katikati ya miaka hiyo, Oktoba 1730, Bach anamwandikia rafiki yake wa shule, Georg Erdmann. Barua imejaa malalamiko. Maisha ya Leipzig ni ghali, wakubwa hawaupendi muziki, mapato yake ni kama taleri 700 na sehemu yake inategemea mazishi. Hali ya hewa ikiwa njema watu hawafi, na mwaka uliopita alikosa zaidi ya taleri 100 za mazishi. Mwishoni sauti yake inabadilika. Anasema watoto wake wote wamezaliwa wanamuziki, kwamba na familia yake tu anaweza kuunda kikundi kamili cha sauti na vyombo, hasa kwa kuwa mke wake wa sasa anaimba sauti ya kwanza safi sana, na binti yake mkubwa naye hajambo.

Binti huyo ni Catharina Dorothea, aliyekuwa anakaribia miaka 13 siku ya harusi. Sasa ana 21, anaimba pamoja na mama yake wa kambo.

Mirathi

Mwaka 1750 daktari wa macho wa Kiingereza aliyekuwa akisafiri mji kwa mji, John Taylor, alimpasua Bach macho mara mbili. Hakupona. Alifariki tarehe 28 Julai.

Hakuacha wosia.

Sisi tunajua maneno hayo yanaleta nini ndani ya nyumba. Sheria ya pale ilimpa mjane theluthi moja, na theluthi mbili ziligawanywa kwa watoto tisa, wanne wa mama mmoja na wengine wa mwingine... nisahihishe: kwa mama wa kwanza walikuwa wamebaki watatu, kwa sababu Johann Gottfried Bernhard alikwishafariki Jena mwaka 1739, kijana, na madeni yake yalimwacha baba na aibu. Wa Anna Magdalena walikuwa sita. Watatu kati ya hao walikuwa bado wadogo, mdogo kabisa, Regina Susanna, ana miaka minane. Na Gottfried Heinrich, mtu mzima wa miaka 26, hakuweza kujitegemea. Akili yake haikukomaa, ingawa kinanda alikipiga vizuri.

Orodha ya mali ipo hadi leo. Vinanda vya nyuzi, fidla, selo, vyombo vya fedha, vitabu vya dini. Karatasi za muziki hazimo, ziligawanywa kivyake. Johann Christian, kijana aliyekuwa na miaka 14 baba alipofariki, alisema baba alimpa vinanda vitatu enzi za uhai wake, na ndugu wa mama wa kwanza wakahoji. Yanaumiza kusoma, maana nimeshakaa kwenye vikao vya namna hiyo, matanga yamekwisha juzi na watu wanaulizana nani alishuhudia.

Mjane aliomba awe mlezi wa watoto wake wadogo, na akaahidi kutoolewa tena. Aliruhusiwa kukaa katika nyumba ya shule kwa miezi sita. Baraza la mji, katika kumlipa stahiki za mume wake, lilikata fedha kwa sababu mwaka 1723, miaka 27 nyuma, Bach alilipwa kwa muda ambao hakuwa ameanza kazi.

Na yeye alikuwa na kitu kimoja mkononi, sehemu yake ya karatasi. Mwaka 1724 na 1725 Bach alikuwa ametunga mfululizo wa kantata, tungo za ibada za waimbaji na vyombo, juu ya tenzi za Kilutheri, karibu kila Jumapili moja mpya: itungwe, inakiliwe karatasi ya kila mwimbaji na kila mpigaji, ifanyiwe mazoezi, iimbwe. Katika ugawaji Wilhelm Friedemann, mwana mkubwa, alichukua nakala kuu za kantata hizo. Anna Magdalena alipata karatasi za waimbaji na wapigaji. Aliziacha kwa shule ya Thomas.

Seti 44 kati ya hizo bado ziko Leipzig. Nakala kuu za Friedemann ziliuzwa moja moja alipokuwa na shida, na nyingi zikatawanyika. Zile za mama wa kambo zilikaa mahali pamoja.

Hazikumwokoa. Mwaka 1752 baraza lilimpa taleri 40, kwa kuzingatia umaskini wake na karatasi nyingine za muziki alizozitoa. Alikuwa anatoa karatasi ili apate chakula. Alifariki tarehe 27 Februari 1760, na katika kumbukumbu za kifo ameandikwa kuwa mwanamke wa kupokea sadaka.

Hasira yangu

Hapa nilikaa na hasira wiki nzima. Wanawe na wanawe wa kambo walikuwa watu wakubwa. Emanuel alikuwa Berlin, mpiga kinanda wa mfalme wa Prussia. Johann Christoph Friedrich alikuwa mwanamuziki wa ikulu ya Bückeburg. Johann Christian alikwenda Italia, kisha London. Wote hao wanaandika, wanapiga, wanasifiwa, na mama anakula sadaka?

Nilianza kuandika makala hii kwa hasira hiyo. Nikaifuta.

Nikaanza kuwafuata mmoja mmoja. Baba alipofariki, Emanuel alimchukua Johann Christian Berlin, akamlea na kumfundisha, kijana wa mama mwingine. Gottfried Heinrich, yule asiyeweza kujitegemea, alikwenda kwa dada yake Elisabeth na mumewe Altnickol huko Naumburg, akakaa huko hadi alipofariki 1763. Catharina Dorothea hakuolewa. Alibaki Leipzig na mama yake wa kambo na wale mabinti wawili wadogo. Mwaka 1756 ikaja vita ya miaka saba, majeshi ya Prussia yakaikalia Leipzig na kuukamua mji fedha. Mwana yuko kwa mfalme yule yule ambaye askari wake wako mlangoni kwa mama.

Na lile neno la sadaka linaweza kumaanisha mjane anayepokea posho ya kila mara kutoka mfuko wa mji, si lazima mtu aliyekaa barabarani amekinga mkono.

Kwa hiyo sijui tena kama niwahukumu. Kila mmoja alibeba mzigo fulani. Inawezekana kabisa kila mtoto abebe kitu, na mama bado asitoshelezwe. Nimeliona hilo katika familia za watu wema.

Kinachobaki kuniuma ni kidogo kuliko sadaka, na kinauma zaidi. Emanuel alitunza picha za ukoo, na katika orodha ya mali yake iliyochapwa 1790 imo picha ya rangi ya Anna Magdalena, mwimbaji wa sauti ya kwanza. Picha hiyo imepotea. Mifupa inayoaminika kuwa ya Bach ilifukuliwa 1894, na tangu 1950 imelazwa ndani ya kanisa la Thomas. Watu hupanga maua. Kaburi la Anna Magdalena, katika makaburi ya Mtakatifu Yohana, halijulikani lilipo.

Hatuna uso wake wala kaburi lake. Tuna mwandiko.

Regina Susanna, yule wa miaka minane, alizeeka Leipzig peke yake. Mwaka 1800 mhariri mmoja wa gazeti la muziki, Friedrich Rochlitz, aliwaandikia wasomaji kwamba binti wa mwisho wa Bach yuko hai na ana shida. Watu walichanga, na Beethoven akajitokeza kusaidia. Regina Susanna alifariki 1809, akiwa amepokea kitu. Aliandikwa akiwa bado anapumua.

Sentensi hiyo ndiyo iliyoninyanyua kitini.

Jumanne

Mama Mwalimu yuko hai. Nadhani nilikuwa nimekwishamweka upande wa marehemu kwa sababu picha ya mumewe iko ukutani. Anakaa kwa binti yake, mwendo wa dakika arobaini kupanda kutoka kanisani. Jumanne nilifunga kaunta buku moja kwenye kitenge, nikapanda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe si wa sauti ya pili?"

Nilimpa daftari. Akavaa miwani, akafungua polepole, akipitisha ncha ya kidole chini ya mistari. Hakusema kitu hadi alipofika kwenye ule utenzi wa wiki ya mateso, tuni ya Hans Leo Hassler ambayo Bach aliipanga kwa sauti nne na kuirudia mara tano katika Mateso kwa Mathayo. Akaanza kuimba kwa noti, sauti imepungua lakini iko mahali pake: mi, la, so, fa, mi, re, mi.

Nilimwuliza kwa nini hakuandika jina lake popote.

"Jina la nini? Waliokuwa wanaimba walikuwa wananijua."

Kisha akarudi mstari mmoja nyuma. Kidole kikasimama.

"Hapa nilikosea. Sauti ya tatu ni do, mimi niliandika re. Yule mtoto wangu wa tatu alikuwa na homa usiku huo. Mwalimu aliiona kesho yake, akasema iache, wameshaizoea."

Tumeiimba hivyo miaka yote.

Akanyoosha mkono, akaomba kalamu.